Bwawa la starehe lililoumeza mji



Mwezi uliopita, siku ya Jumapili, shemeji yangu alitupakia kwenye gari lake, mimi na watoto, akatupeleka kupunga upepo kwenye bwawa moja ambalo jina lake sitalitaja. Ni mahali pazuri, sikatai. Unalipa kiingilio getini, unapewa meza chini ya mwembe, unaagiza sato wa kukaanga na ndizi, na ukipenda unakodi mshipi na ndoana ukakae ukingoni uvue mwenyewe. Ipo mitumbwi ya kupiga makasia, na upo muziki wa kutosha kuwafukuza ndege wote wa eneo lile. Maji yenyewe yamezuiwa kwa tuta la udongo, na juu ya tuta pamesawazishwa vizuri ili watu watembee na kupiga picha. Kila bibi harusi wa mwezi ule nadhani alipigwa picha pale.

Mwisho wa tuta, mkono wa kushoto, upo utoro, yaani ile njia ya kutolea maji pale bwawa linapojaa kupita kiasi. Nilipofika hapo nikasimama. Utoro wote ulikuwa umezibwa kwa wavu wa waya, ule wa kujengea mabanda ya kuku, umekazwa kwenye nguzo za chuma. Matawi, magugu na chupa tupu za maji vilikuwa vimenasa pale kama majani kwenye chujio la chai. Karibu yangu alikuwapo mzee mlinzi, nikamwamkia na kumwuliza wavu ule ni wa nini.

"Wa kuzuia samaki, mwanangu. Mwenyewe amepandikiza vifaranga vingi. Mvua ikija wanatoroka wote."

"Na maji yakija mengi, mzee?"

"Hayajawahi."

Nikageuka kutazama upande wa pili wa tuta, ule usiopigwa picha. Chini kule kulikuwa na bustani za mchicha na matembele, majaruba ya mpunga, na mbele kidogo nyumba za bati zisizopungua hamsini, moshi wa mchana ukifuka. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi ndani ya bonde lenyewe, mahali palipo tambarare.

Shemeji aliniita, samaki alikuwa tayari. Nikala, lakini mawazo yangu hayakuwa mezani. Yalikuwa Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, mwaka 1889. Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, mkufunzi wetu mmoja alitutaka tuchambue jinsi magazeti ya kale yalivyoripoti maafa makubwa, na mkasa niliopangiwa mimi ulikuwa ni wa mji wa Johnstown. Niliusoma kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba miaka zaidi ya ishirini baadaye nitakutana na ule wavu wa samaki uso kwa uso.

Naam, ndugu wasikilizaji, wavu wa samaki. Lakini nianze mwanzo.

Johnstown ni mji uliojengwa bondeni, mahali mito miwili inapokutana: Little Conemaugh na Stony Creek. Katika karne ya 19 ulikuwa mji wa chuma na pua. Kampuni ya Cambria Iron ilikuwa na viwanda vikubwa pale, na pamoja na vitongoji vyake bonde lile lilikuwa na watu wapatao 30,000, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, wahamiaji kutoka Ujerumani, Wales, Ireland na nchi za Ulaya ya Mashariki. Maji kuingia mitaani wakati wa mvua za machipuko lilikuwa jambo la kawaida kwao, kama lilivyo kwa ndugu zetu wa Jangwani pale Dar es Salaam. Watu walikunja mazulia, wakapandisha vitu ghorofani, wakangoja maji yapungue.

Juu ya milima, kilomita 22 hivi kutoka mjini ukifuata mto, palikuwa na bwawa la South Fork. Halikujengwa kwa ajili ya starehe. Serikali ya jimbo ndiyo iliyoanza kulijenga, mwishoni mwa miaka ya 1830, ili liwe akiba ya maji kwa ajili ya mfereji wa kusafirishia mizigo kwa mashua, mfereji ambao wakati wa kiangazi ulikuwa unakauka. Ujenzi ulisimama kwa miaka mingi kwa kukosa fedha, ukamalizika mwaka 1853. Kwa bahati mbaya, wakati huo huo reli ilikuwa imekwisha kufika, na mwenye mzigo hakuwa tena na haja ya mashua. Serikali ikajikuta na bwawa jipya lisilo na kazi. Mwaka 1857 likauzwa kwa kampuni ya reli ya Pennsylvania, ambayo nayo haikuwa na shida nalo.

Hata hivyo, waliolijenga walijua walichokuwa wanafanya. Tuta lilikuwa la udongo, lenye urefu wa mita 284 na kimo cha mita 22. Udongo wa mfinyanzi ulishindiliwa tabaka kwa tabaka, nje likakingwa kwa mawe makubwa. Tuta la namna hiyo, likijengwa sawasawa, linaweza kudumu vizazi na vizazi, lakini lina adui mmoja mkubwa, nao ni maji kupita juu yake. Maji yakishapanda kileleni na kuanza kumwagikia upande wa pili yanachimba udongo, shimo linapanuka, na tuta linakwenda na maji. Ndiyo maana wajenzi waliweka kinga mbili. Ya kwanza ilikuwa utoro, mwanya mpana uliochongwa katika mwamba pembeni mwa tuta. Ya pili ilikuwa mabomba matano ya chuma chini kabisa, ndani ya kalvati la mawe, kila moja likiwa na kipenyo cha sentimita 60 hivi. Kwa mabomba hayo mwangalizi aliweza kupunguza maji ya bwawa wakati wowote alipoona hatari, au alipotaka kulikausha ili alikarabati.

Mwaka 1862 kalvati hilo liliporomoka na sehemu ya tuta ikavunjika. Madhara hayakuwa makubwa, kwa sababu maji yalikuwa machache. Baada ya hapo bwawa likaachwa, likawa kama kidimbwi kikubwa kati ya vichaka.

Mwaka 1875 alilinunua mbunge mmoja, John Reilly. Huyu bwana alilikaa nalo miaka minne, akaona halimpi faida, akaliuza kwa hasara. Lakini kabla ya kuliuza alifanya jambo moja dogo la kufidia hasara yake: aliyang'oa yale mabomba ya chuma akayauza kama chuma chakavu. Nadhani hata bei yake hakuna aliyeikumbuka baada ya mwaka mmoja.

Mnunuzi wa mwaka 1879 aliitwa Benjamin Ruff, na nia yake ilikuwa kuanzisha klabu. Ndiyo ile South Fork Fishing and Hunting Club, klabu ya uvuvi na uwindaji. Wanachama wake walikuwa wapatao sitini, matajiri wa mji wa Pittsburgh: Andrew Carnegie wa pua, Henry Clay Frick wa makaa, Andrew Mellon wa benki, na wengine wa namna hiyo. Hewa ya Pittsburgh ilijaa moshi wa viwanda vyao wenyewe, kwa hiyo walihitaji mahali pa kwenda kuvuta hewa safi wakati wa joto. Walijenga jumba la klabu lenye vyumba 47, na nyumba za mapumziko 16 kando ya maji. Ziwa lao lilikuwa na urefu wa kilomita tatu. Walikuwa na mashua za tanga, na hata mashua za mvuke, huko juu mlimani! Walileta kwa reli samaki waitwao bass, samaki mwenye vita akinasa kwenye ndoana, wakawapandikiza.

Sasa tazameni marekebisho yaliyofanywa ili mahali pawe pa starehe.

Lile pengo la mwaka 1862 lilizibwa kwa udongo, mawe, vichaka, nyasi kavu na, kwa mujibu wa walioshuhudia, hata samadi ya farasi. Mabomba ya chini hayakurudishwa. Kileleni mwa tuta palipunguzwa kwa karibu mita moja ili njia iwe pana na magari mawili ya farasi yaweze kupishana. Isitoshe, katikati tuta lilikuwa limetitia kidogo, yaani mahali palipotakiwa kuwa juu kuliko pote ndipo palipokuwa chini. Na kwenye utoro, njia pekee iliyobaki ya kutolea maji, waliweka daraja dogo la kupitia, na chini ya daraja wakaweka vyuma na wavu ili samaki wao wa bei wasije wakaponyoka kwenda mtoni wakaliwa na mafundi chuma wa Johnstown.

Isidhaniwe kwamba hakuna aliyeona. Daniel Morrell, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Cambria Iron, alikuwa na viwanda na maelfu ya wafanyakazi bondeni, naye alikuwa hana usingizi. Mwaka 1880 alimtuma mhandisi wake, John Fulton, akalikague bwawa. Fulton alirudi na taarifa fupi yenye mambo mawili mazito: kwamba hakuna bomba la kupunguzia maji, kwa hiyo bwawa haliwezi kukaushwa ili litengenezwe, na kwamba ule ukarabati wa pengo haukuwa wa kuaminika, maji yalikuwa yanavuja. Ruff alijibu kwa barua akibishana na vipimo vya Fulton, na akamalizia kwa kumhakikishia Morrell kwamba yeye na watu wake hawamo katika hatari yoyote. Morrell hakukata tamaa. Alijitolea kwamba kampuni yake ichangie gharama za matengenezo. Klabu ikakataa. Mwishowe alinunua uanachama, labda ili apate pa kuingilia, akafa mwaka 1885 kabla ya kufanikisha lolote. Ruff naye alikufa mwaka 1887. Wote wawili hawakuona yaliyofuata.

Mimi barua ile ya Ruff huwa naifikiria sana. Hakuwa mwuaji. Alikuwa mtu wa biashara aliyekerwa na jirani anayeuliza maswali. Bwawa lilikuwa limesimama mwaka baada ya mwaka na hakuna kilichotokea, na kila mwaka uliopita salama ulimpa hoja zaidi. "Hayajawahi," alisema mzee wangu mlinzi.

Alhamisi tarehe 30 Mei, 1889, ilikuwa sikukuu ya kuwakumbuka mashujaa wa vita. Usiku wake mvua ikashuka, mvua ya ajabu, katika saa 24 zikapimwa milimita 150 na zaidi, na sehemu nyingine za milima pengine 250. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 31, rais wa klabu, Elias Unger, alifungua dirisha akaona ziwa limepanda hadi karibu na kilele cha tuta na linazidi kupanda. Akakusanya watu. Walikuwapo vibarua wa Kiitaliano waliokuwa wanachimba mitaro ya maji machafu ya klabu, nao wakashika sururu na makoleo. Wengine walijaribu kuinua kilele kwa udongo, wengine kuchimba utoro wa pili upande wa magharibi. Udongo ulikuwa mgumu, mtaro ukafika magotini tu.

Na wavu je? Palikuwa na ubishi asubuhi ile kama wavu uondolewe, kwa sababu ukiondolewa samaki watakwenda. Walipokata shauri kuuondoa, ulikuwa umeshashindiliwa matawi, magogo na takataka za mto mzima kiasi kwamba haukung'oka.

Mhandisi kijana wa klabu, John Parke, akapanda farasi akakimbia hadi kijiji cha South Fork kutoa habari, na kutoka huko telegramu zikapelekwa kwa njia ya reli kuelekea Johnstown. Habari zilifika kwa baadhi ya watu wa ofisi za reli. Lakini kila mwaka wakati wa mvua palikuwa na mtu wa kusema bwawa linabomoka, na kila mwaka halikubomoka. Aidha, siku hiyo mji ulikuwa umeshajaa maji mitaani na watu walikuwa wamekimbilia ghorofani, wamekaa wanangoja. Tahadhari ile haikutangazwa. Kwangu mimi mwandishi wa habari hapo ndipo panapouma kuliko pote. Habari ilikuwapo, ikafika hadi mezani, ikalala mezani.

Mnamo saa 9 alasiri hivi katikati ya tuta palikatika. Waliokuwapo walisema bwawa halikupasuka bali liliondoka, kama mlango unaofunguliwa. Mita za ujazo milioni 14 na nusu za maji zikaingia katika bonde jembamba, na kutoka ziwani hadi mjini ni mteremko wa mita 137 hivi.

Maji yalifagia bonde hadi kwenye mwamba. Njiani palikuwa na daraja kubwa la reli, la mawe, lenye kimo cha zaidi ya mita 20. Magogo na mabaki yaliziba tao lake, likageuka kuwa bwawa la pili kwa dakika chache, kisha likabomoka na maji yakatoka na nguvu mpya. Kijiji cha Mineral Point kiliondoka chote, pakabaki jiwe tupu. Huko East Conemaugh dereva wa treni, John Hess, aliona yanayokuja, akafunga kamba ya honi ili ilie bila kukoma, akarudisha treni yake kinyumenyume kuelekea mjini kwa kasi yote aliyoweza. Waliosikia honi ile na kukimbilia mlimani waliokoka. Ukiniuliza mtangazaji bora wa siku ile ni nani, nitakutajia huyo. Huko Woodvale kiwanda cha nyaya kilisombwa pamoja na maboila yake, yakalipuka, na mamia ya maelfu ya mita za seng'enge yakajiviringisha ndani ya maji pamoja na miti, mabehewa, ng'ombe na watu.

Baada ya kama saa moja tangu tuta kukatika, ukuta huo uliingia Johnstown. Wengi walisema hawakuona maji kabisa. Waliona vumbi, moshi na mapaa ya nyumba yanakuja. Katika dakika kumi kazi ilikuwa imekwisha. Yaliyobaki yalikwenda kujikusanya kwenye daraja jingine la mawe chini ya mji, ambalo lenyewe halikuvunjika, rundo la ekari kama 30 lililofungwa kwa seng'enge, ndani yake wakiwamo watu walio hai. Jioni rundo likashika moto. Wapatao 80 waliokuwa wamenusurika maji wakafia hapo.

Idadi ya waliokufa ni 2,209. Familia 99 zilimalizika zote, asibaki wa kuhani wala wa kuhaniwa. Watoto wa miaka kumi na chini yake walikuwa 396. Maiti zaidi ya 750 hazikutambuliwa, zikazikwa pamoja katika makaburi ya Grandview, kila moja na jiwe jeupe lisilo na jina. Nyingine mto ulizichukua hadi Cincinnati, mamia ya kilomita.

Waandishi wa habari walimiminika kutoka miji mikubwa. Wengi walifanya kazi nzuri sana, wakilala katika matanuri ya matofali kwa kukosa pa kulala, na michango ikatoka pande zote za Marekani na nchi za nje kwa sababu ya maandishi yao. Clara Barton na chama chake cha Msalaba Mwekundu, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1881, walifika siku chache baada ya mkasa wakakaa miezi zaidi ya mitano. Lakini baadhi ya wenzetu walitunga. Waliandika kwamba wahamiaji wa Kihungari wanakata vidole vya maiti ili waibe pete, na kwamba wamenyongwa na wananchi. Habari hizo zilikuwa uongo, na waliozipata ni watu ambao wenyewe walikuwa wamefiwa. Mkufunzi wetu alituambia tuandike ukurasa mzima juu ya jambo hilo peke yake. Nami nikaona leo nisilipite kimya, maana siku hizi uongo wa namna hiyo hausubiri hata gazeti la kesho.

Je, klabu ilifanywa nini? Ilipeleka blanketi elfu moja. Wanachama kadhaa walichangia fedha, na Carnegie aliujengea mji maktaba mpya, jengo ambalo sasa ni makumbusho ya mafuriko hayo. Watu walifungua kesi. Lakini klabu kama klabu haikuwa na mali ya maana ya kukamatwa, mali ilikuwa ya wanachama mmoja mmoja, na wanachama walikuwa na mawakili hodari, wengine wakiwa wanachama wenzao. Hoja ilikuwa kwamba mvua ile ilikuwa kudra ya Mwenyezi Mungu. Hakuna mwathirika aliyepata hata senti moja kwa amri ya mahakama.

Hapa nivuke bahari kidogo. Miaka 29 kabla ya Johnstown, huko Lancashire nchini Uingereza, mwenye kiwanda aitwaye Rylands alijengewa bwawa la maji ya kiwanda chake. Maji yakapenya kwenye mashimo ya zamani ya migodi yakafurika katika mgodi wa makaa wa jirani yake, Fletcher. Shauri likafika hadi Baraza la Malodi, likaamuliwa mwaka 1868: aliyeleta na kulimbikiza katika ardhi yake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, atawajibika kikitoroka, hata kama mlalamikaji hakuthibitisha uzembe. Mahakama nyingi za Marekani zilikuwa zinaikataa kanuni hiyo kwa kuona itaua biashara. Wapo wanahistoria wa sheria wanaoeleza kwamba hasira ya Johnstown ilichangia majimbo kadhaa kubadili msimamo. Na sisi tuliorithi sheria ya Kiingereza tunayo, na wanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam na Nairobi wanaijua kwa jina, Rylands na Fletcher. Ila kanuni yenyewe ina mlango wa nyuma, na mlango huo ni ile ile kudra ya Mungu.

Ndiyo maana swali la kama ilikuwa mvua au yalikuwa marekebisho ya klabu si la kitaaluma tu. Mwaka 1891 kamati ya chama cha wahandisi wa Marekani ilitoa taarifa kwamba hata tuta la awali lisingehimili mvua ile. Matajiri wakapumua. Hoja hiyo ilikaa kwenye vitabu zaidi ya karne moja. Mwaka 2016 watafiti wa Pennsylvania, wakiwa wamepima upya bonde na mabaki ya tuta kwa vyombo vya kisasa, walichapisha hesabu zao: kushushwa kwa kilele kulipunguza uwezo wa bwawa wa kupitisha maji kwa usalama kwa kiasi cha nusu, na bwawa kama lilivyosanifiwa mwanzo lingeweza kuipitisha dhoruba ile. Ilichukua miaka 127, na hakuna wa kulipwa aliyekuwa hai.

Na tusijidanganye kwamba haya ni ya Wamarekani wa kale. Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, huko Solai, karibu na Nakuru nchini Kenya, bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka baada ya mvua kubwa, watu wasiopungua 47 wakafa, wengi wanawake na watoto, wengine wakiwa wamelala. Lile lilikuwa bwawa la kilimo, halikuwa la mashua. Lakini waliokufa walikuwa wale wale, watu wa chini ya tuta.

Hapa kwetu Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazungumzia usalama wa mabwawa, hata ya watu binafsi. Mwenye bwawa ana wajibu, na zipo ofisi za kumfuatilia. Sisemi kila bwawa la kuvulia sato ni hatari. Kidimbwi cha kimo cha mtu mmoja hakiwezi kufanya yale ya South Fork. Lakini lile nililolitembelea si kidimbwi. Nilitembea juu ya tuta nikihesabu hatua, zilifika mia na themanini, na kimo chake upande wa chini ni kirefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili.

Leo ziwa la South Fork halipo. Reli inapita katikati ya pengo la tuta, mji mdogo wa Saint Michael umejengwa kwenye sehemu ya sakafu ya ziwa lenyewe, na baadhi ya nyumba za klabu bado zimesimama hapo, zinatazama nyasi mahali palipokuwa na mashua. Tangu mwaka 1964 mahali hapo ni hifadhi ya kumbukumbu ya taifa. Wageni husimama kwenye ncha mbili za tuta zilizobaki wakatazamana.

Juzi nilipiga simu kule bwawani. Namba ilikuwa kwenye risiti ya samaki. Aliyepokea alinisikiliza kwa adabu, akasema wavu ule ni mpya, umenunuliwa mwaka huu huu, na mwenyewe amesafiri, akirudi ataambiwa. Nikamwuliza kama upo mlango wa chini wa kutolea maji. Akasema hilo hajui, ila wapo wanaopanga kuongeza meza. Siku ya Jumanne nikaandika barua kwa ofisi inayohusika, nikaipeleka kwa mkono, na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Majibu yakija nitawasomea hapa hapa.